Hasi Themanini

Basi limesafiri kilomita 240. Lingeongeza mwendo kwa kilomita 20 kwa saa, lingefika saa moja mapema. Tafuta mwendokasi wake.

Kila aliyepita sekondari amekutana na basi hili. Halina abiria, halipunguzi mwendo kwenye matuta, halisimamishwi na trafiki.

Nasoma shahada ya uzamili ya hisabati, na jioni humfundisha binti wa kaka yangu. Mwendo tukauita x. Muda ni umbali ukigawanywa kwa mwendo, kwa hiyo 240/x kutoa 240/(x + 20) ni sawa na 1. Ukiondoa sehemu unabaki na x² + 20x − 4800 = 0, yaani (x − 60)(x + 80) = 0.

"Sitini," akasema, akaikata hasi themanini kwa mstari. "Shangazi, hakuna basi la mwendo hasi."

Ndivyo tulivyofundishwa sote. Mimi lakini hiyo hasi huwa naionea huruma. Themanini ndio mwendo wa basi hilohilo likishaongeza 20. Na ukiongeza 20 kwenye −80 unapata −60: namba zilezile mbili, safari ikisomwa kinyumenyume.

Kaka huendesha basi la mkoani. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni, amejilaza mkekani, akatusikia.

"Nipigieni na hesabu yangu," akasema. "Sheria inasema 80. Tajiri anataka nifike nusu saa mapema."

Binti akapiga, kwa kilomita zilezile 240. Kutoka 60 kwenda 80 unaokoa dakika 60. Kutoka 80 kwenda 100, dakika 36. Nusu saa ya tajiri imo humo. Kutoka 100 kwenda 120, dakika 24 tu. Kila 20 inanunua kidogo kuliko iliyotangulia. Nikamwongezea breki: umbali ambao gari huenda baada ya breki kushika hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, hivyo kwenye 100 ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa 80.

Kaka akaliomba daftari. Akasoma taratibu, kidole kikifuata tarakimu.

"Ukurasa huu nauchana."

Binti akakataa, kesho linasahihishwa. Akamnakilia kwenye kipande cha karatasi, hadi ile hasi themanini. Alfajiri kaka akaondoka nacho mfukoni. Kama alimwonyesha tajiri, hajaniambia, nami sijamuuliza.