Safari ya Iten

Wahenga walisema kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mimi sikwenda bure, nilikwenda kwa kuitwa. Walakini njiani niliokota jambo ambalo sikulitazamia, nalo ndilo nitakalo kuwasimulia wasomaji.

Ilikuwa mwezi wa Agosti mwaka 2025. Mama alinipigia simu ofisini wakati wa kazi. Mama si mtu wa kupiga simu saa za kazi, maana ajua ya kuwa karani ana wakubwa wake. Basi nilipoona jina lake moyo ulinidunda. Akasema, "Mwanangu, ndugu yako amekataa shule. Asema likizo ikiisha hatarudi, ataka kwenda kukaa na wakimbiaji. Nimesema naye mpaka nimechoka. Baba yenu angalikuwako angalimwambia. Sasa wewe ndiwe baba yake, njoo."

Mdogo wangu alikuwa na miaka 17, naye yu katika kidato cha tatu. Tangu baba alipofariki mimi ndimi nimlipiaye karo. Kwa hiyo niliomba likizo ya siku tano, na Jumatano tarehe 13, saa mbili asubuhi, nikapanda matatu ya kwenda Eldoret, nikiwa na hotuba ndefu kichwani. Nilikuwa nimeitunga usiku kucha, nayo ilikuwa na methali nne.

Safari hiyo ni ya kilometa 300 na zaidi kidogo. Dereva alishika njia ya chini, ile inayoshuka ukutani mwa Bonde la Ufa hata Mai Mahiu. Mteremkoni kando ya njia lipo kanisa dogo sana lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitalia waliokuwa wakichonga barabara hiyo. Kila nilipopita hapo nimewafikiria watu wale: wako mbali na kwao, wamefungwa, wanavunja mawe kutwa, na bado wanapata nguvu ya kumjengea Mungu nyumba. Mbele yake mlima Longonot husimama peke yake bondeni, na pundamilia hula majani karibu na magari kana kwamba ni ng'ombe wa mtu.

Ndani ya gari habari ilikuwa moja tu, kandanda. Jumapili iliyotangulia, pale Kasarani, timu yetu ya taifa ilikuwa imewafunga Morocco bao moja kwa bila katika mashindano ya Afrika, tena wakiwa wachezaji kumi baada ya mwenzao kutolewa. Kijana mmoja aliueleza mchezo ule dakika kwa dakika tangu Naivasha hata Nakuru. Jirani yangu, mzee mkulima wa mahindi, alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Mpira ni mzuri, kijana wangu. Lakini katika mpira ukichoka mwenzako atakubeba. Mbio ni wewe na roho yako." Gari zima likacheka, na ubishi ukaanza upya. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nikimfikiria mdogo wangu na roho yake.

Baada ya Nakuru njia hupanda. Hewa ikawa baridi, watu wakafunga madirisha. Kando ya barabara akina mama walisimama na viazi, kabichi na karoti zilizooshwa zikang'aa. Tulivuka mstari wa Ikweta, na mtu asiyejua angaliapa kwamba hapo si Ikweta hata kidogo, maana kila abiria alikuwa amejifunika koti. Stesheni ya reli ya Timboroa iko kwenye kimo cha zaidi ya meta 2,700, na ukungu wake wa Agosti huingia mpaka mifupani. Kisha nchi ikalala tambarare, mahindi yakitoa mbelewele pande zote mbili, na mzee yule akawa haachi kuchungulia mashamba ya wenziwe na kuyatoa makosa.

Eldoret tulifika saa tisa. Wazee bado huuita Sisibo, kwa sababu ya lile shamba nambari 64 ambapo mji ulianzia. Nao tangu Agosti 2024 umepewa hadhi ya jiji. Hapo nilibadili gari, na kabla jua halijatua nilikuwa nimepita chini ya lango la Iten, lililoandikwa kwamba hapa ndipo nyumbani kwa mabingwa.

Nyumbani mama alinipokea kwa chai na mursik. Mdogo wangu alikuja magharibi, akanisalimu huku akitazama chini. Nilitaka kuianza hotuba yangu papo hapo, ila mama alinikonyeza, maana kwetu mtu haulizwi neno zito kabla hajala. Tulipokwisha kula, nilijikuta nikisema jambo jingine kabisa: "Kesho nionyeshe hiyo kazi yako." Akainua uso kwa mara ya kwanza.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi saa tatu asubuhi wakimbiaji wa Iten hukutana njia panda, wageni na wenyeji, mashuhuri na wasiojulikana, wakaenda pamoja katika njia za udongo mwekundu: dakika chache mbio kali, dakika chache polepole, hivyo hivyo mpaka kundi lote limetawanyika kama shanga zilizokatika uzi. Mji uko kwenye kimo cha meta 2,400 hivi. Hewa ya huko ni nyepesi, na mwili uliozoea kuivuta huongeza chembe nyekundu za damu, hata mtu akishuka chini hujiona kama aliyeongezewa pafu la tatu. Ndiyo sababu wageni huja kutoka pande zote za dunia kuivuta hewa ambayo sisi tulizaliwa nayo bure.

Kwa upumbavu wangu nilivaa viatu vya raba, nikasema nitaanza pamoja nao. Wasomaji, kiti cha ofisi ni adui wa siri. Katika kona ya kwanza kundi lilikuwa limekwisha kunipotea. Katika kona ya pili bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni alinipita, akanisalimu "Chamgei," akanipa pole, akaenda zake. Nilikwenda kuketi juu ya ukingo wa njia, ambapo mzee mmoja alikuwa amesimama na saa mkononi. Alikuwa askari wa magereza zamani, na alikimbia siku za ujana wake.

Tulizungumza. Nilimweleza kisa changu chote. Hakujibu upesi. Alinikumbusha majina ambayo kila mtoto wa Kenya huyajua. "Kipchoge Keino," akasema, "aliposhinda meta 1,500 kule Mexico mwaka 1968 alikuwa polisi. Naftali Temu, aliyetupatia dhahabu ya kwanza katika Olimpiki hiyo hiyo, alikuwa askari wa jeshi. Wilson Kiprugut, aliyetuletea medali ya kwanza kabisa mwaka 1964 kule Tokyo, naye alikuwa askari. Watu wale walikuwa na kazi. Mguu ukiuma, mshahara hauumi. Vijana wa sasa wana miguu tu."

Wakati huo kundi likarudi. Kwanza tulisikia nyayo, kama mvua inayokuja juu ya mabati. Wakapita wale wa mbele, wembamba, kimya, vumbi halijawashika. Nilimtafuta mdogo wangu hapo, sikumwona. Nikaanza kuhesabu. Nilipofika watu 50 nilisema moyoni kwamba labda amejificha katikati. Nilipofika 100 niliacha kumtazama yule mzee usoni. Mdogo wangu alipita akiwa mtu wa 140, kinywa wazi, bega moja limeshuka, naye anakaza kwa nguvu zake zote.

Nitakiri jambo moja. Neno la kwanza lililokuja moyoni mwangu lilikuwa furaha. Nilisema, "Nimeshinda, sasa hana la kujibu." Kisha nilimwona alivyoangusha mikono juu ya magoti pale njia panda, nikaona haya ya furaha yangu. Mzee aliitazama saa akasema, "Ana moyo. Miguu kama yake hapa Iten ni mingi kama mahindi, lakini ana miaka 17, na mwili wa miaka 17 haujasema neno lake la mwisho. Mimi singemwambia aache. Wala singemwambia aache shule."

Alasiri tuliketi wawili ukingoni, mahali ambapo nchi hukatika ghafula na Bonde la Kerio likaonekana chini kabisa, la samawati, na vilima vya Tugen ng'ambo. Sasa niliitoa hotuba yangu. Nilikuwa katika methali ya pili aliponikatiza kwa upole.

"Kaka," akasema, "Krismasi uliacha koti lako kwenye kiti. Mama alisema nilipige brashi. Karatasi ya mshahara ikaanguka. Niliisoma. Niliona makato ya mkopo, nikaona kilichobaki. Kisha mwezi wa Mei mama akamwuza mtamba, akaniambia nisikuambie. Mimi si mpumbavu, kaka, najua nakuwa wa mia na ngapi. Nilisema nikikaa kambini, nikapata hata mashindano madogo ya barabarani, nitajilisha mwenyewe, nanyi mtapumua."

Sikuwa na methali ya jambo hilo. Krismasi ile nilikuwa nimekuja na suti mpya na mkate wa keki, nikawanunulia majirani soda, ili watu waseme mtoto wa fulani yuko Nairobi. Fedha za suti zilikuwa sehemu ya mkopo ule. Yeye alidhani ni karo iliyonimaliza. Kumbe zaidi ya karo ni fahari yangu. Ilinibidi nimwambie hivyo, na kusema kweli mbele ya mdogo wako ni mlima mkali kuliko ule wa Timboroa.

Tulikaa mpaka baridi ikatuondoa. Nilimwambia habari ya Peter Rono, aliyesoma papo hapo Iten katika shule ya St. Patrick's, akaenda chuo Marekani kwa sababu alikuwa na mbio na cheti pamoja, akashinda meta 1,500 kule Seoul mwaka 1988. Yeye alinijibu kwa habari ya Kelvin Kiptum, mchunga ng'ombe wa Chepkorio katika kaunti yetu, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni kule Chicago Oktoba 2023 kwa saa mbili na sekunde 35. Sote wawili tukanyamaza, kwa kuwa Kiptum alikufa katika ajali ya gari Februari 2024, akiwa na miaka 24, na wilaya nzima ilimlilia. Hakuna aliyetaka kuitumia maiti hiyo kushinda ubishi.

Hatimaye tulipatana. Yeye arudi shuleni amalize kidato cha nne, akikimbia alfajiri jinsi shule iruhusuvyo. Akiisha kufanya mtihani, nitampa mwaka mmoja kambini kwa gharama yangu, na mzee wa magereza amwangalie, asije akapotezwa na wauza dawa za kuongeza nguvu. Mimi kwa upande wangu nitalipa karo kwanza na suti baadaye, na mama asiuze mnyama bila mimi kujua.

"Na baada ya mwaka huo nikiwa bado mtu wa 140?" akauliza.

"Utakuwa na cheti mkononi na mapafu mazuri," nikamjibu. "Hata karani ahitaji mapafu. Umeona mwenyewe." Akacheka, na huo ndio uliokuwa mwisho wa shauri.

Jumapili tuliisikiliza Kenya ikiwafunga Zambia, bao moja kwa bila, redio ikiwa juu ya meza na mama akiomba kimya kimya bila kujua anaombea upande gani. Jumatatu nikarudi Nairobi. Ijumaa iliyofuata Madagascar walitutoa katika robo fainali kwa mikwaju ya penalti, na jiji zima lililala mapema.

Jumatatu tarehe 25, siku ya kufunguliwa shule, nilikaa ofisini nikiitazama simu kuliko mafaili. Saa nne ujumbe ukafika: "Kaka nimefika. Nimekimbia kutoka stendi hadi shuleni, sanduku limekuja kwa bodaboda." Sijui kama miguu yake itampeleka Chicago. Lakini karo ya muhula ule nililipa siku ile ile, wala sikukopa. Suti naivaa bado, na kila nikiivaa naona imenibana mabegani.