Kulinda Bao, Tunduma na Nakonde

Ukivuka mpaka kutoka Tunduma kwenda Nakonde, saa inarudi nyuma kwa saa moja na ubishi wa mpira unageuka. Wanamwanga wako pande zote mbili, Kiswahili kinasikika kote, ila kila upande una mechi yake.

Ya Tunduma ni ile ya AFCON, San Pédro, Januari 21, 2024. Simon Msuva aliifungia Taifa Stars ya Tanzania dakika ya 11. Kabla ya mapumziko, Roderick Kabwe wa Zambia akalimwa kadi nyekundu. Stars, 11 dhidi ya 10, wakarudi nyuma kulinda bao. Mbadilisha fedha mmoja, kibunda cha kwacha mkononi, alinipangia sarafu juu ya meza yake, zote zimelundikana golini. “Kaka, mbele hakubaki mtu. Ukibutua, unawapa wao.” Dakika ya 88 Mzambia Clatous Chama, aliyekuwa akiwika Simba wakati huo, akachonga kona na Patson Daka akaunganisha kwa kichwa. Inauma bado. Kundini tulimaliza na pointi 2, DR Congo wakapita na 3; ushindi ule ungetupa 4.

Nakonde wanatetea subira, na wana kombe la AFCON la 2012. Kwenye nusu fainali, Ghana waliwabana, kipa Kennedy Mweene akapangua penalti ya Asamoah Gyan, kisha Emmanuel Mayuka akaingia kutoka benchi na kufunga dakika ya 78. Fainali na Ivory Coast ikaisha 0-0. Zambia wakashinda penalti 8-7.

Kuna njia nyingine ya kulinda uongozi. Wamarekani, katika futiboli yao ya mikono, wanajihami kwa kuushika mpira. Timu inayoongoza huacha pasi ndefu, ikampa mkimbiaji mpira. Akiangushwa ndani ya uwanja, saa haisimami. Februari 2017 Atlanta Falcons waliongoza fainali yao, Super Bowl, 28-3, wakaendelea kurusha pasi hata walipohitaji kuua muda, wakafungwa 34-28.

Ndiyo maana siwalaumu Stars kwa kujihami. Nawalaumu kwa kuugawa mpira wakiwa na mtu wa ziada. Zambia ya 2012 ilijilinda huku Mayuka akisubiri upenyo. Sisi tulingoja kipenga. Mzee mmoja wa Nakonde alinikatalia katakata: kwa Daka yule, alisema, bao lingekuja tu. Sikubali. Pasi fupi na mshambuliaji mmoja juu zingetosha kuwakimbiza watu 10 mpaka wachoke.