Nani Alipiga Gitaa la Pili?

Mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari mjini Mombasa, akiwa hajatimiza miaka 35. Idete, huku kwenye mashamba ya mpunga ya Bonde la Kilombero, wako watu ambao mpaka leo hawajamalizana naye. Mavuno yakiisha, magunia yakishafungwa na vijiwe vikajaa tena, simu ya mtu itapiga tu wimbo wake mmoja, na mabishano yataanza. Hii ni bendi yake ya Morogoro Jazz au ya Super Volcano? Ni mtindo wa Sululu huu, au Masika? Solo ni ya Mbaraka mwenyewe, hilo halina ubishi. Lakini hilo gitaa la pili, linalojibu kwa chini kama halitaki kusikika, ni la nani?

Nimeyasikia mabishano haya tangu utotoni na nayaheshimu sana. Wanaobishana ni wakulima, mafundi baiskeli, walimu na askari magereza waliostaafu. Hakuna anayeshinda kitu. Hata hivyo wanabishana kwa uchungu wa ndugu wanaogawana mali ya marehemu, na mara nyingine mtu huondoka kijiweni amenuna kwa sababu ya tarumbeta lililopulizwa kabla wajukuu zake hawajazaliwa.

Siku hizi nyimbo zimerudi, na zimerudi zikiwa safi. Mwaka 2000 kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilitoa upya nyimbo za Mbaraka na Morogoro Jazz katika albamu ya Masimango, na za Salum Abdallah na Cuban Marimba katika Ngoma Iko Huku. Miaka mingi kabla ya hapo, 1987, John Storm Roberts alikuwa amezikusanya bendi zetu za miaka ya 1960 katika The Tanzania Sound. Mwaka 2007 ikaja albamu ya tatu ya mfululizo wa Zanzibara, iliyotolewa Ufaransa chini ya uangalizi wa Werner Graebner, ikibeba sauti za zama za Ujamaa. Mwaka 2012 Western Jazz, wale wa mtindo wa Saboso, wakatolewa upya na Sterns ya London. Kazi hizi zilifanywa na watu wanaojali. Zilikuja na vijitabu vyenye picha, historia na majina.

Vijitabu hivyo havikufika Idete. Kilichofika ni sauti. Wimbo hutoka kwenye kompyuta ya mtu Dar es Salaam, ukaingia kwenye flashi, ukashuka Morogoro, ukaja mpaka vibanda vya Kibaoni pale Ifakara, ambako kijana mwenye kompyuta anakuingizia nyimbo kwenye memori kadi kwa shilingi chache. Ukifungua simu yako shambani, kioo kinaandika: Track 07. Basi. Jina la wimbo limeanguka njiani, na la bendi limeanguka nalo. Simlaumu kijana wa kibandani. Yeye ndiye anayetufikishia hata hicho kidogo, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuniuliza, shikamoo mzee, hawa ni akina nani?

Nimefikiri sana ni kitu gani hasa kinachouma katika kuzisikia nyimbo hizi zikiwa zimesafishwa namna hii. Vifo vyenyewe tulishavilia. Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, Morogoro ikamlilia. Mbaraka akamfuata mwaka 1979, naye kwa barabara hiyo hiyo ya chuma na damu. Marijani Rajabu, jabali la muziki, alifariki mwaka 1995, Remmy Ongala Desemba 2010. Kila kifo kilitangazwa redioni, watu wakakaa matanga, maisha yakaendelea. Kinachoniuma leo ni msiba ambao haukutangazwa: wale waliokuwa nyuma yao. Mpiga rizimu. Mpiga besi. Mtu wa tumba. Yule wa gitaa la pili.

Ili kuelewa walivyopotea, kumbuka nyimbo zilivyorekodiwa. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi ilikwenda studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, ikapiga watu wote kwa pamoja, na mmoja akikosea wimbo unaanza upya. Mkanda ukabaki redioni, ukapigwa hewani, nchi nzima ikaupenda. Bendi iliyotaka santuri ilitegemea Nairobi. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, usifunguliwe mpaka 1983, hata njia hiyo ikawa ya kubahatisha. Na santuri yenyewe ilikuwa na karatasi ndogo ya mviringo katikati: jina la wimbo, jina la bendi, pengine la mtunzi. Hapakuwa na nafasi ya mpiga tumba.

Kisha kulikuwa na ukumbi. Upande mmoja wa santuri ndogo haubebi zaidi ya dakika nne hivi, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa sehemu ya kwanza na ya pili, na ile chemko ya mwisho, pale mwimbaji anaponyamaza na magitaa yakaanza kuongea yenyewe, ikafifishwa mapema. Ukumbini haikufifishwa. Wazee waliocheza dansi Ifakara na Morogoro wanasimulia chemko ambayo haikukoma mpaka watu waloe jasho, mpiga solo akiachia nafasi, wa pili akiingia, na siku hiyo yule wa pili akipiga kitu ambacho hakukipiga tena. Hicho hakuna kampuni itakayokitoa upya, kwa sababu hakikunaswa popote. Kipo katika miguu ya watu wenye miaka 75.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa mkulima, na msimu mzima aliishi shambani, juu ya dungu, akiamia ndege wasimalize mpunga, redio ikiwa imetundikwa kwenye mti na betri zimeanikwa juani zipate nguvu. Huko ndiko alikojifunza kusikiliza. Wengine wetu tulisikia wimbo. Yeye alisikia watu. Alikuwa akisema, huyu ameshika gitaa kwa hasira leo, au, huyu si yule wa juzi, huyu mkono wake mzito. Alizitambua bendi kwa besi kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Alipofariki, ndugu waligawana jembe, baiskeli, na ile redio ambayo ilikuwa haifanyi kazi tena. Masikio yake tulimzika nayo. Sasa wimbo aliokuwa akiupenda ninao kwenye simu, safi kuliko yeye alivyowahi kuusikia maishani mwake, hata vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi vinasikika. Gitaa la pili linaingia, nami sina wa kunitajia jina.

Huzuni yangu nyingine ni hii: vijiwe vyetu vimeanza kukataa chochote kipya. Msondo Ngoma, ambayo ilizaliwa mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, imeendelea kutoa nyimbo baada ya kuwazika watu wake wakubwa. TX Moshi William alikwenda mwaka 2006, Muhidin Gurumo mwaka 2014, Shaaban Dede mwaka 2017. Mlimani Park, Sikinde Ngoma ya Ukae, iliyoanza mwaka 1978, nayo imezika wengi. Ukipiga wimbo wao mpya kijiweni, sekunde ya kumi mzee mmoja atasema, toa hiyo, hiyo siyo Msondo. Namwelewa. Kuukubali wimbo mpya ni kukubali kwamba Gurumo harudi. Lakini naona tunawaonea vijana walioyachukua magitaa yale. Bendi iliyobadilisha jina mara kadhaa na kuzika waimbaji wake ikaendelea kupiga, hiyo ni kazi ya uaminifu, na wapigaji wake wa leo nao wana majina ambayo hakuna anayeyashika.

Huko Birmingham, Uingereza, mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1970, mwaka ule ule Morogoro Jazz walipokwenda Japani kupiga kwenye maonyesho ya Osaka, vijana wanne wa mji ule wa viwanda walitoa albamu ya kwanza ya Black Sabbath, muziki mzito wa magitaa ambao dunia iliuita hevi metali. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole na mashine kiwandani. Julai 5, 2025 wanne wale walipanda jukwaani pamoja kwa mara ya mwisho, kwenye uwanja wa Villa Park, na Julai 22 mwimbaji wao Ozzy Osbourne akafariki. Mashabiki wao nao ni wazee sasa. Nao hubishana: toleo gani la albamu ya zamani limesafishwa vizuri, lipi limeharibiwa, kama albamu za uzeeni zina roho ile ile. Lakini kila mmoja wao, hata aliyelala usingizi, atakutajia wanne wote, nani besi, nani ngoma. Wanabishana juu ya ubora wa kitu kilichohifadhiwa. Sisi tunabishana kutafuta kilikuwa ni nini. Katika kosi la Morogoro Jazz lililokwenda Osaka, nani Idete anaweza kukutajia mpiga besi?

Wala isisemwe kwamba huku hatujui kuweka kumbukumbu. Idete inajulikana na madaktari wa dunia nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Ifakara walijaribu hapa chanjo ya malaria ya SPf66 kwa watoto 586, na mwaka 1994 jarida la Lancet likachapisha kwamba ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 31. Majaribio ya baadaye kwingineko hayakuithibitisha, lakini kazi ilifanyika kwa uangalifu: nyumba kwa nyumba, mtoto kwa mtoto, jina, umri, homa, tarehe. Mbu wa bonde hili wamehesabiwa na kuainishwa. Kijiji kilichoweza kushika kumbukumbu ya homa ya kila mtoto kinaweza kushika kumbukumbu ya nani aliwachezesha wazazi wa watoto hao.

Na wenye kumbukumbu hiyo bado wapo, pengine si wale tunaowadhania. Kijiwe ni cha wanaume, kwa hiyo tumezoea kufikiri kwamba dansi ni elimu yao. Msimu mmoja ubishi wa Morogoro Jazz au Super Volcano ulikuwa umefika pabaya, watu wameanza kutajiana ukoo, bibi mmoja aliyekuwa akipepeta mchele kibarazani jirani akasimamisha ungo.

"Nyie wajukuu zangu mnabishana bure," alisema. "Wimbo huo niliucheza nikiwa na mimba ya baba yenu mkubwa. Wachina walikuwa bado wako Mlimba wanatoboa mlima."

Watu wakanyamaza, wakaanza kupiga hesabu. Reli ya TAZARA ilianza kujengwa mwaka 1970, na kipande kile kigumu cha kupanda kutoka Mlimba kwenda Makambako kiliwaweka Wachina milimani miaka ya mwanzo kabisa. Mbaraka aliunda Super Volcano mwaka 1973. Kama wimbo ulikuwa ukichezwa Wachina wakiwa Mlimba, na mwanawe kazaliwa siku zile anazosema, basi ni Morogoro Jazz. Ubishi wa misimu mingi ukaisha kwa mimba na handaki. Bibi akaongeza, bila kuulizwa, kwamba mpiga tumba wa siku ile alikuwa mfupi, mweusi sana, mtu wa kucheka, na alikuwa na dada yake ameolewa Kiberege. Jina lilikuwa limemtoka. Alisema litarudi.

Nimeyafikiria sana maneno yale ya dada aliyeolewa Kiberege. Hakuna kijitabu cha Ujerumani wala Ufaransa kitakachokuwa na habari hiyo. Kwa uzi kama huo mtu anaweza kwenda Kiberege, akauliza ukoo, akapata jina, akapata kaburi, pengine akapata picha iliyopauka ya vijana waliovaa mashati ya kufanana. Uzi huo umo katika kichwa cha mwanamke mmoja mzee anayepepeta mchele, na kila masika yanayopita yanaweza kuwa ya mwisho kwake.

Kwa hiyo namwomba msomaji wangu, hasa kijana mwenye simu. Kama nyumbani kwenu yupo babu, bibi, shangazi au mjomba aliyewahi kucheza dansi, Ifakara, Morogoro, Tabora, Tanga, popote, mpigie wimbo mmoja wa zamani mwezi huu, kaa naye mpaka uishe, kisha umwulize nani alipiga nini. Washa kinasa sauti cha simu. Akikosa jina, mwulize mtu yule alikuwa wa wapi, alioa nani, alikuwa na kazi gani mchana. Andika kwenye daftari: bendi, wimbo, chombo, jina, mwaka au tukio la mwaka huo. Ukishaandika, lifute lile neno Track 07 kwenye simu yako, na uweke jina la wimbo na majina ya watu walioupiga.