Lazaro alikufa tena?

Mwaka huu tumesoma Meno ya Plato (ni jina la mtu, si meno ya kutafunia). Humo Sokrates anamhoji kijana mtumwa: mraba wenye upande wa futi 2 tutauongezaje eneo liwe mara mbili, yaani 8? Kijana anajibu 4, anapata 16. Anajaribu 3, anapata 9. Anakiri hajui, na hapo ndipo anaanza kujifunza.

Lakini maswali yote ni ya Sokrates. Maria Montessori, daktari Mkatoliki aliyefungua Casa dei Bambini huko Roma mwaka 1907, alikwenda mbali zaidi: mtoto achague kazi, mwalimu atazame.

Sisi mafrateri tunaofundisha dini shule ya msingi tuna watoto zaidi ya sabini na ubao mmoja. Tulipowaambia waulize wao, kimya. Wamezoea kwamba anayeuliza ni mjinga. Wiki ya tatu binti mmoja akasema: “Frateri, Lazaro alikufa tena?”

Tukalirudisha swali kwa darasa. Kelele! Mmoja akasema lazima alikufa, la sivyo tungemwona. Mwingine akadakia: basi kufufuka kwake si kama kwa Yesu. Hilo tulikuwa tumeliandalia vipindi viwili.

Mwalimu mkuu ana wasiwasi: kwenye mtihani hakuna alama za kuuliza. Ni kweli. Tumekubaliana katekisimu iwe Jumatatu, maswali Alhamisi, chini ya mwembe, mbali na darasa la saba.