Bisibisi ya mwanangu na darubini ya Birr

Mwanangu ana miaka 9 na ameshatumalizia redio moja, saa ya ukutani na birika la umeme. Si mtundu, anataka tu kuona ndani kuna nini. Lile birika alilifungua likiwa bado limechomekwa ukutani. Siku hiyo nilipiga kelele hadi jirani akagonga mlango. Nikamnyang'anya bisibisi nikaifungia kabatini, na wiki nzima mtoto hakunisemesha zaidi ya "shikamoo mama".

Tunaishi Athlone, katikati ya Ireland, ambako nafanya kazi ya uuguzi. Jumapili sikuwa zamu, nikampeleka Birr, mji mdogo ulio chini ya saa moja kwa gari. Kusema kweli mimi nilifuata bustani ya kasri, yenye ua wa miti unaopita mita 10 kwenda juu. Mji umetulia, na pale katikati kuna nguzo ndefu isiyobeba kitu. Sanamu ya mwana wa mfalme wa Uingereza iliyokuwa juu yake iliteremshwa mwaka 1915.

Mwanangu hakuona ua wala nguzo. Aliona darubini.

Ni bomba la mbao la zaidi ya mita 16, limening'inia kati ya kuta mbili za mawe. Mwenye kasri, William Parsons, aliikamilisha mwaka 1845. Kioo chake, chenye upana wa mita 1.83, kilikuwa cha shaba na bati vilivyoyeyushwa palepale kasrini, na mafundi wake walikuwa watu wa hapo aliowafundisha mwenyewe. Kwa darubini hiyo aliona kundi la nyota lililojiviringisha kama maji yanayozunguka yakiingia shimoni, akalichora. Mwaka huohuo viazi vilioza mashambani, ikaja njaa kuu ya Ireland, na darubini ikakaa bila kazi kubwa kwa muda. Hata hivyo, hadi 1917 dunia haikuwa na kubwa kuliko hiyo.

Kwenye jumba la maonyesho tukasoma habari za mwanawe wa mwisho, Charles. Hakupelekwa shule akiwa mdogo. Alisomeshwa nyumbani, akikulia kwenye karakana ya baba. Mwaka 1884 alibuni mtambo wa mvuke wa kuzalisha umeme, na hadi leo sehemu kubwa ya umeme duniani hutoka kwenye mitambo ya aina hiyo.

"Umeona, mama?" Hilo ndilo neno lake la kwanza refu tangu siku ya birika.

Nilijua nimeshindwa kesi. Ila hadithi ilikuwa na upande mwingine. Vijana wa nyumba ile walikuwa na gari la mvuke walilolitengeneza wenyewe. Tarehe 31 Agosti 1869 walilipanda pamoja na ndugu yao Mary Ward, mwanamke aliyeandika na kuchora vitabu kuhusu hadubini, mama wa watoto 8. Kwenye kona karibu na kanisa gari likayumba, Mary akarushwa chini, gurudumu likampitia. Alikuwa na miaka 42. Wengi humtaja kuwa mtu wa kwanza duniani anayejulikana kufa kwa ajali ya gari. Charles alikuwa na miaka 15.

Tulitembea hadi upande ule wa mji. Ni barabara ya kawaida tu, magari yanapita.

Njiani kurudi mtoto alikaa kimya, kisha akauliza, "Yule kijana alifungwa?"

"Hapana. Waliona ni ajali."

"Aliacha kutengeneza vitu?"

"Hakuacha."

"Mama yake alimwambia nini?"

Sikuwa na jibu. Nilishika usukani tu hadi nyumbani.

Bisibisi bado iko kabatini. Jumamosi nitaitoa, tukae wote wawili mezani na lile birika. Kuchomoa waya nitachomoa mimi.