Magomeni Kota: Safari ya Mpangaji Kuwa Mwenye Nyumba

Msafiri atokaye katikati ya jiji la Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro huvuka kwanza bonde la Msimbazi pale Jangwani, mahali ambapo masika yakizidi barabara hufungwa na watu hukaa wakiyatazama maji. Akishalivuka bonde hilo ardhi huinuka kidogo, na Magomeni humpokea. Humo zimo nyumba za Kiswahili za mtindo wa zamani: mlango mmoja wa mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani ambako akina mama hupika na kuanika nguo. Katika nyumba kama hizo maelfu ya wafanyakazi wa jiji hili wamelea watoto wao, kila familia katika chumba chake, na kila mmoja akiihesabu siku ya kodi.

Katikati ya mapaa hayo ya chini yanachomoza maghorofa. Hapo, ndugu msomaji, ndipo Magomeni Kota, mahali panapofaa kutembelewa na kila mpangaji aliyewahi kujiuliza kama naye atakufa mpangaji.

Jina la kota ni la siku nyingi. Ndivyo watu wa mjini walivyoziita nyumba za serikali zilizojengwa safu kwa safu, zikifanana kama mapacha. Mwanzoni mwa muongo wa 2010, kaya 644 zilizokuwa zikiishi hapa ziliondolewa na nyumba zao zikabomolewa ili eneo lijengwe upya. Ujenzi haukuja upesi. Majirani waliozoeana kwa miaka mingi walitawanyika kila mmoja na njia yake, na kiwanja kikabaki kitupu kando ya barabara kuu, macho ya wote yakikiona.

Mwaka 2016 Rais John Magufuli alifika mahali hapa akaagiza zijengwe nyumba kwa ajili ya kaya zile zile, akaahidi kuwa wakazi wangekaa miaka mitano bila kulipa kodi. Kazi ilikabidhiwa Wakala wa Majengo Tanzania. Tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizizindua nyumba hizo, na njia iliyotangazwa ya kuwamilikisha wakazi ikawa ile ya mpangaji mnunuzi. Muongo mzima si muda mdogo. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2012, asiporudia darasa, mwaka 2022 alikuwa kidato cha nne. Utoto wake wote umepita nyumba ikingojwa.

Yafaa kueleza maana ya mpangaji mnunuzi, kwa kuwa wengi hulisikia neno hili wasilipime. Mpangaji wa kawaida hulipa kodi mwezi hadi mwezi, na akihama hana alichobakiza ila risiti. Mpangaji mnunuzi naye hulipa kidogo kidogo, lakini kila alipalo hupunguza bei ya nyumba, hata siku deni likiisha nyumba huwa yake. Njia hii si ngeni nchini. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, liliitumia katika miaka yake ya mwanzo lilipobomoa vibanda na kujenga nyumba bora, Magomeni ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoguswa. Baadaye ikaja Benki ya Nyumba, iliyokopesha wajenzi mpaka ilipofungwa mwaka 1995. Tangu hapo, mfanyakazi aliyetaka nyumba alijenga kwa tofali za mshahara: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, na bati Mungu akipenda.

Mwaka 2008 ilitungwa sheria iliyomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo. Kabla ya hapo hati ilifuata ardhi. Na mtu anayelala ghorofa ya tano, ardhi yake ni ipi? Mwaka 2010 ikaanzishwa taasisi ya kuzikopesha benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya nyumba, kwani benki itegemeayo akiba za watu zinazoweza kuchukuliwa kesho haiwezi kwa urahisi kumkopesha mtu kwa miaka ishirini.

Lakini sheria na fedha haziishi ndani ya nyumba; waishio ni watu. Aliyezoea uani sharti ajiulize mambo mapya. Kinu kitatwangwa wapi bila kumwamsha jirani wa chini? Turubai la msiba litafungwa wapi? Pampu ya maji ikiharibika, taa ya ngazi ikiungua, nani atatoa fedha? Katika nyumba ya chini paa likivuja ni shida ya mwenye nyumba. Katika ghorofa paa ni la wote, na kilicho cha wote, kisipowekewa utaratibu, huwa si cha mtu.

Kwa hiyo anayeyatazama maghorofa ya Magomeni asiishie kuhesabu madirisha. Msaada wa serikali kwa mpangaji una sehemu tatu, na zote ni za lazima: ufunguo mkononi, bei na masharti yanayolingana na kipato chake, na karatasi yenye jina lake. Ufunguo bila karatasi humwacha mtu na wasiwasi kila kiongozi anapobadilika. Karatasi yenye bei asiyoimudu humrudisha alikotoka. Nao wakazi wana sehemu ya nne, ambayo hakuna serikali iwezayo kuwafanyia: kukaa kikao, kuchanga na kutunza ngazi moja wanayoipanda wote.