Mwenye Kofia Nyeusi

Jamani, Novemba hii nimepanda Old Moshi na darubini ya kuazima. Asubuhi tatu nimekaa mlangoni kwa jiko la bibi, macho kwenye migomba na masale. Sauti naisikia, "tek, tek", kama vijiwe viwili vinagonganishwa. Mwenyewe simuoni.

Siku ya nne akatokea kwenye mibuni: mwili wa kijivu, kofia nyeusi kichwani. Wataalamu humwita Sylvia atricapilla. Ana gramu 20 hivi tu, lakini huzaliana Ulaya na magharibi mwa Asia. Baridi ya huko ikikaribia, huruka, mara nyingi usiku, hadi huku milimani kwetu.

"Ndiyo huyo wa kofia?" bibi akacheka. "Huja na vuli kila mwaka. Na wewe je, mjukuu wangu?"

Nikakosa jibu. Sisi Wachaga tunajisifu kwamba Desemba lazima turudi nyumbani. Kutoka Dar ni basi la siku moja, na mimi nimekosa Krismasi tatu mfululizo.

Nilipoinua darubini tena, ndege keshazama kichakani. Bibi alikuwa bado ananitazama.